Jinsi Mtoto Mdogo Ajifunzavyo kwa Mikono Yake

Mwalimu wa sayansi apokeapo wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza huona jambo moja mapema sana. Akiuliza maana ya ujazo, mikono mingi huinuliwa, na jibu hutoka kamili bila kukosewa hata neno moja. Lakini akiweka mezani jiwe, maji na chombo chenye vipimo, kisha akawataka watafute ujazo wa jiwe hilo bila ya kuwaeleza njia, wengi husimama wakimtazama yeye badala ya kulitazama jiwe. Wanafunzi hao hawakosi akili. Wamejifunza kwa miaka mingi kwamba jibu hukaa kinywani mwa mwalimu, na kwamba mtoto agusaye kitu kabla ya kuruhusiwa ni mtundu.

Neno hilo la mwisho lafaa kuangaliwa. Kwa Kiswahili mtundu ni mtoto asiyetulia, mharibifu wa vitu vya watu. Lakini mtundu ni pia fundi hodari, mwenye kubuni na kutengeneza kisichotengenezwa na wengine. Wasemaji wa lugha hii, kwa kutumia neno moja kwa watu hao wawili, waliona zamani uhusiano ambao wataalamu wa elimu walichelewa kuupima. Makala haya yaeleza uhusiano huo: namna mtoto wa miaka mitatu hadi sita ajifunzavyo kwa kushika, kupanga, kumimina na kukosea, sababu za kazi hiyo kujenga akili, na mahali ambapo mikono peke yake haitoshi.

Nyumba ya Watoto

Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo mjini Rome, nchini Italia, ilifunguliwa shule ndogo iliyopewa jina la Nyumba ya Watoto. Sababu ya kufunguliwa kwake haikuwa ya kielimu. Kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya mtaa huo na kuyapangisha kwa familia za wafanyakazi. Wazazi walitoka asubuhi kwenda kazini, na watoto wao ambao hawajafikia umri wa shule walibaki wakizurura ngazini na kuchafua kuta. Wenye majengo waliona kuwa ni nafuu kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja chini ya mlezi kuliko kutengeneza kuta kila mara. Aliyeombwa kuusimamia mpango huo alikuwa daktari, Maria Montessori.

Montessori alizaliwa mwaka 1870, akapata shahada ya udaktari mwaka 1896, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo nchini Italia walikuwa wachache mno. Kazi yake ya awali ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiwekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Alisoma maandishi ya madaktari wawili Wafaransa wa karne ya 19, Jean Itard na Édouard Séguin, waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa kuwapa vitu vya kushika. Akatengeneza vifaa vyake kwa kufuata mawazo yao. Baadhi ya watoto aliowafundisha walifaulu mtihani wa kusoma na kuandika uliofanywa na watoto wa shule za kawaida. Watu walimsifu. Yeye alijiuliza swali lililo kinyume cha sifa hizo: ikiwa watoto hawa wameweza kuwafikia wenzao wenye afya, ni kitu gani kinachowazuia hao wenye afya wasiende mbali zaidi?

San Lorenzo ndipo alipopata nafasi ya kulijaribu swali hilo. Watoto walikuwa kama 50 hivi, wa umri wa miaka miwili au mitatu hadi sita, na mlezi wao hakuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Miongoni mwa vifaa alivyowapa palikuwa na gogo la mti lenye matundu 10 yaliyopangwa mstari mmoja. Katika kila tundu hukaa kipande cha mti cha mviringo, mfano wa kizibo chenye kishikio kidogo juu. Vipande hivyo hutofautiana kwa unene au kwa urefu, kila kimoja kikizidi kidogo kile kinachokifuata. Mtoto huvitoa vyote, huvichanganya, kisha hujaribu kukirudisha kila kimoja mahali pake.

Siku moja Montessori alimwona msichana wa miaka mitatu hivi akifanya kazi hiyo. Alimaliza, akavitoa tena, akaanza upya. Montessori alianza kuhesabu. Aliwataka watoto wengine waimbe na kutembea kuzunguka chumba. Msichana hakuinua uso. Ndipo akaibeba taratibu ile kiti aliyoikalia na kuiweka juu ya meza pamoja na mtoto mwenyewe. Mtoto alilikumbatia gogo lake wakati akiinuliwa, akaliweka mapajani, akaendelea. Alirudia zoezi hilo zaidi ya mara arobaini, kisha akaacha kwa hiari yake, akatazama huku na huko kama aliyeamka katika usingizi mzuri.

Walimu wengi husema kwamba mtoto mdogo hawezi kukaza fikira kwa muda mrefu. Yawezekana kusema hivyo kwa kweli juu ya mtoto anayesikiliza maneno. Msichana huyu hakuahidiwa zawadi wala hakutishwa. Hakuna aliyemwambia arudie.

Kosa linalojionyesha lenyewe

Siri ya kifaa hicho haimo katika uzuri wa mti wake. Imo katika jambo moja dogo. Mtoto akitia kipande chembamba katika tundu pana, kitaingia bila shida, wala hatajua kuwa amekosea. Ataendelea kwa furaha. Lakini mwishoni atabaki na kipande kinene mkononi na tundu jembamba mbele yake, na hapo hapana ujanja. Si mwalimu asemaye kwamba amekosea, ni gogo. Tena gogo halikasiriki wala halicheki, na halimwiti mwenzake aje kuonyesha namna ifaavyo. Linangoja tu. Mtoto hulazimika kurudi nyuma, kulinganisha kwa macho na vidole, na kutafuta mahali kosa lilipoanzia.

Kurudi nyuma huku ndiko kazi yenyewe ya akili. Mtoto aliyesahihishwa na mtu mzima hujua mambo mawili tu: kwamba amekosea, na kwamba mkubwa ameudhika. Mtoto aliyesahihishwa na kitu hujua amekosea wapi na kwa kiasi gani. Kosa kwake limekuwa habari, halikuwa aibu. Mwanasayansi katika maabara yake hufanya kazi kwa tabia hiyohiyo, na tofauti kati yake na mtoto yule ni ukubwa wa gogo.

Montessori aliunda vifaa vyake vingi kwa kanuni hiyo. Upo mnara wa michemraba 10, wa kwanza ukiwa na sentimita 1 kila upande na wa mwisho sentimita 10; mtoto akiruka mmoja, jicho huona kidato kisicho sawa. Zipo shanga moja moja, shanga 10 zilizotungwa katika waya mmoja, bapa la mraba la shanga 100, na mchemraba wa shanga 1,000. Mtoto wa miaka mitano aliyekwisha kubeba mchemraba huo kwa mikono miwili, na shanga moja kwa ncha za vidole viwili, ana ujuzi juu ya makumi na mamia ambao sifuri tatu zilizoandikwa ubaoni haziwezi kumpa.

Jambo la pili lilitokea kwa bahati. Hapo mwanzo vifaa viliwekwa katika kabati lenye kufuli, na mlezi ndiye aliyevigawa. Siku moja alisahau kulifunga. Alipofika akakuta watoto wamekwisha kulifungua, wengine wakichukua vifaa na kwenda navyo. Mlezi aliona wizi, akataka waadhibiwe. Montessori aliona kwamba kila mtoto alikuwa amechukua kifaa maalumu, si chochote kilichokuwa karibu. Maana yake, watoto walikwisha kuvijua vifaa na kujua haja yao. Tangu hapo kabati lenye kufuli liliondolewa, yakawekwa makabati mafupi yaliyo wazi. Ni vema mwalimu akumbuke kisa hiki kila aonapo vifaa vya maabara ya shule vikiwa vimefungiwa ili visiharibike, navyo vikaharibika humohumo kwa kutu na vumbi.

Herufi za msasa

Herufi nazo zilifundishwa kwa njia hiyo. Zilikatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya vibao laini. Mtoto alipitisha vidole juu ya herufi kwa kufuata njia ya kalamu huku akitamka sauti yake, si jina lake. Kidole kikitoka njiani kiliteleza, na mtoto akahisi. Zilikuwako pia herufi za kukata ambazo mtoto aliweza kuzipanga na kuunda neno kabla mkono wake haujaweza kushika kalamu vizuri.

Siku moja ya Desemba, yenye jua, watoto walikuwa juu ya paa tambarare la jengo pamoja na Montessori. Alimpa mtoto mmoja wa miaka mitano kipande cha chaki na kumwomba achore dohani iliyokuwa karibu. Mtoto alichora, kisha uso wake ukabadilika. Akapaza sauti kwamba anaweza kuandika, akapiga magoti, na kuandika sakafuni neno la Kiitalia lenye maana ya mkono. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuandika neno zima. Katika siku zilizofuata wenzake nao walianza, mmoja baada ya mwingine, wakiandika sakafuni, milangoni na kutani, hata ikawa shida kuwazuia. Kusoma kulikuja baada ya kuandika, kinyume cha desturi ya shule nyingi.

Hapa pana jambo linalowahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Njia ya herufi za msasa ilifanikiwa upesi huko Italia kwa sababu Kiitalia huandikwa karibu kama kitamkwavyo. Kwa Kiingereza njia hiyo hukutana na vikwazo vingi, kwani herufi moja huwa na sauti kadha wa kadha. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika, na silabi zake hutamkwa kama zilivyoandikwa. Vikwazo ni vichache, hasa herufi pacha kama dh, gh, th na ng'. Mtoto ajuaye sauti ya m, k, n na o kwa vidole vyake anaweza kuandika neno lilelile aliloliandika mtoto wa Rome, na asihitaji msaada wa mtu. Fursa hiyo hupotezwa pale watoto wanapokaririshwa a, e, i, o, u kwa pamoja kwa wiki nyingi, bila hata mmoja wao kupewa herufi ya kushika.

Maji katika bilauri mbili

Mwaka uleule wa 1907 mvulana wa miaka 10 nchini Uswisi alichapisha maelezo mafupi juu ya shomoro mweupe aliyemwona bustanini. Mvulana huyo alikuwa Jean Piaget. Alipokuwa mtu mzima, baada ya kuchunguza konokono kwa miaka, alianza kuwachunguza watoto kwa uangalifu uleule.

Jaribio lake lijulikanalo zaidi ni jepesi. Mtoto huonyeshwa bilauri mbili zilizo sawa, zenye maji sawa, naye hukiri kuwa ni sawa. Kisha maji ya bilauri moja humiminwa mbele yake katika chombo kirefu chembamba. Mtoto wa miaka minne au mitano husema kwamba sasa maji katika chombo kirefu ni mengi zaidi. Wa miaka saba au minane hushangaa kuulizwa: hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na yakirudishwa yatakuwa kama mwanzo.

Maneno hayo ya mwisho, "yakirudishwa", ndiyo yenye uzito. Piaget alieleza kwamba fikra ya namna hiyo ni kitendo kilichohamia ndani. Mtoto aliyemimina na kurudisha mara nyingi kwa mikono hufikia umri ambao anaweza kumimina na kurudisha kichwani bila kugusa maji. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba maji hayabadiliki huweza kujibu vizuri leo, na kesho akadanganywa na chombo kipya. Amepewa neno bila kitendo kilicho nyuma yake, kama wale wa kidato cha kwanza na maana ya ujazo.

Ni haki kusema kwamba jaribio hilo limepingwa pia. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson huko Uingereza walifanya majaribio ya jamii hiyo kwa vitu vilivyopangwa mstari, lakini mwanasesere dubu ndiye "aliyevuruga" mpango, si mtu mzima. Watoto wengi zaidi wa miaka minne hadi sita walijibu sahihi. Mtoto aulizwapo swali moja mara mbili na mtu mzima hudhani jibu lake la kwanza halikupendeza. Kwa hiyo umri uliotajwa na Piaget usichukuliwe kama mpaka wa nchi.

Afrika ya Mashariki nayo ilichangia katika somo hili. Katika miaka ya 1960 palianzishwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, nao ukaingia katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda. Masomo yake yalitumia vilivyopo. Mojawapo lilihusu yule mdudu mdogo achimbaye shimo la mviringo katika mchanga mkavu na kukaa chini akivizia sisimizi. Watoto walitakiwa wasiulize mwalimu habari zake, bali wamwulize mdudu mwenyewe, kwa kumjaribu. Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Piaget, alipewa kazi ya kupima matokeo ya mpango huo nchini Kenya, akayaeleza katika insha iliyochapishwa mwaka 1972. Hakutunga mtihani wa karatasi. Alitayarisha chumba chenye vitu vingi, akawaruhusu watoto wafanye watakavyo, wakati wachunguzi wakiandika wanayoyaona. Watoto waliosoma kwa mpango huo walionekana kuwa na mawazo mengi zaidi ya kufanya, na waliyafuatilia kwa kina zaidi kuliko wenzao ambao hawakuusoma. Kilichopimwa hapo ni kilekile kinachokosekana mbele ya jiwe na maji: uwezo wa kuanza bila kuamrishwa.

Mteremko haulalamiki

Ingekuwa rahisi kukata shauri hapa kwamba mwalimu anyamaze na mtoto aachwe. Shauri hilo lingekuwa la makosa.

Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Watoto walipewa mbao za mteremko na mipira ya aina mbili. Waliweza kubadili ukali wa mteremko, ulaini wa ubao, urefu wa njia na aina ya mpira. Kazi ilikuwa kutunga jaribio la haki, yaani kubadili jambo moja tu na kuacha mengine sawa. Kundi moja lilifundishwa waziwazi kwa mifano mizuri na mibaya. Kundi la pili lilipewa vifaa hivyohivyo na kuachwa ligundue. Kati ya waliofundishwa, asilimia 77 waliimudu kazi. Kati ya walioachwa, asilimia 23 tu.

Je, matokeo haya yanamkanusha msichana wa San Lorenzo? Tofauti iliyopo ni katika vitu vyenyewe. Mtoto akibadili mteremko na mpira kwa wakati mmoja, mpira utashuka tu, tena vizuri. Hakuna kipande kitakachobaki mkononi. Jaribio baya hutoa jibu kwa ukarimu uleule wa jaribio zuri, na mteremko haulalamiki. Pale ambapo kitu hakiwezi kulionyesha kosa, lazima pawepo mtu wa kulionyesha. Mwalimu apangaye somo basi asijiulize kwanza kama watoto watatumia mikono. Ajiulize ni nani atakayewaambia wamekosea. Ikiwa ni kitu, aketi. Ikiwa si kitu, asimame na kufundisha bila haya.

Kusimama mapema mno nako kuna hasara yake. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule za awali. Walitengeneza mwanasesere wa mabomba mwenye siri nne: bomba moja lilitoa mlio likivutwa, na nyingine tatu zilifichwa pengine. Kwa watoto fulani mtu mzima alijifanya mjuzi, akawaonyesha mlio ule kama mwalimu afundishavyo. Kwa wengine mlio ulitokea kama kwa bahati. Kisha kila mtoto aliachwa acheze. Waliofundishwa walicheza muda mfupi zaidi na kugundua siri chache zaidi. Wala hawakuwa wajinga; waliamini kwamba kama pangekuwa na jingine, mwalimu angelitaja.

Kura ya bahati nasibu

Wenye kuipenda njia ya Montessori wamekuwa wakiisifu kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini sifa si ushahidi. Wazazi wanaochagua shule ya namna hiyo huenda ni wazazi wenye bidii zaidi, na watoto wao wangefanya vizuri popote. Ndiyo sababu uchunguzi wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, uliotolewa mwaka 2006, wafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sayansi kwa ajili ya mbinu yake. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, shule ya umma ya Montessori ilipokea watoto kwa kura. Waliolinganishwa ni watoto 59 walioshinda kura na 53 walioshindwa. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameitaka shule ileile. Wenye umri wa miaka mitano waliosoma Montessori waliwashinda wenzao katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu na katika kujitawala. Kati ya wenye miaka 12 tofauti zilikuwa chache zaidi, hasa katika uandishi wa hadithi na mahusiano na wenzao.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017, uliowafuata watoto 141 mjini Hartford tangu miaka mitatu hadi sita, ulionyesha mwelekeo huohuo, na tofauti kati ya watoto wa wenye kipato na wasio nacho ilipungua. Hata hivyo idadi hizo ni ndogo. Tena Lillard mwenyewe alionyesha mwaka 2012 kwamba madarasa yaliyochanganya vifaa vya asili na vitu vingine vya shule hayakupata faida ileile. Jina mlangoni halitoshi.

Njia yenyewe si kamilifu. William Kilpatrick wa Marekani aliilaumu tangu mwaka 1914 kwamba vifaa vyake ni finyu: mchemraba ni wa mnara tu, na mtoto anayetaka kuugeuza gari huzuiwa. Lawama hiyo ina ukweli. Mtoto wa Kiafrika atengenezaye gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu hufanya kazi ambayo Montessori hakuipa nafasi kubwa, yaani kubuni. Walakini hata hapo kanuni ni ileile. Mhimili ukipinda gurudumu halizunguki, na mtengenezaji huona kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Vifaa vilivyo jikoni

Vifaa vya Montessori viuzwavyo madukani ni vya bei kubwa, na shule nyingi za awali hukata tamaa kwa sababu hiyo. Lakini kanuni ya kosa linalojionyesha haihitaji mti wa Ulaya. Seti ya sufuria na vifuniko vyake ni gogo la matundu kamili: mtoto akifunika sufuria ndogo kwa kifuniko kikubwa hataona kosa mpaka afike mwisho, ambapo kifuniko kidogo kitatumbukia ndani ya sufuria kubwa. Kibaba na pishi ni somo la sehemu za namba lililotangulia shule zote: vibaba vinne vya mchanga hujaza pishi moja, na mtoto aliyehesabu vibaya ataona pishi haikujaa au mchanga ukimwagika. Vizibo vya soda vikipangwa kumi kumi katika trei ya mayai iliyokatwa ili iwe na mashimo 10, shimo tupu ndilo litakalosema.

Mlezi mwenye watoto wengi chumbani hataweza kumpa kila mmoja kifaa chake kwa wakati mmoja. Aanze na kona moja na mkeka mmoja, watoto wachache kwa zamu, wengine wakiimba au kucheza nje. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kifaa mara moja, polepole, kwa maneno machache, kisha kuondoa mkono wake. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mtu mzima huona kipande kikielekea tundu lisilo lake, na vidole vyake humwasha.

Waswahili husema kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo hutajwa mara nyingi panapozungumzwa kujifunza kwa kutenda, nayo yasema kweli kwamba kitu hufundisha kuliko onyo. Lakini wembe hufundisha mara moja tu, na kwa gharama ya damu. Kifaa kizuri ni kile ambacho kosa lake huonekana wazi, halina gharama, na laweza kurudiwa mara arobaini. Mahindi, maharage, shanga na gololi wasipewe watoto walio chini ya miaka mitatu, na hata wakubwa zaidi watazamwe, kwa maana hupenda kuvitia puani na masikioni.

Majaribio ya kufanya

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya majaribio mawili nyumbani kwa ruhusa ya mzazi wa mtoto.

Jaribio la kwanza ni la maji. Watafutwe watoto wanne au watano wenye umri kati ya miaka minne na minane. Vitumike vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana na chupa moja nyembamba inayoonyesha ndani. Kwa nusu ya watoto, mwanafunzi amimine mwenyewe. Kwa nusu nyingine, mtoto ndiye amimine na kurudisha mara kadhaa kabla ya kuulizwa. Aandike umri, jibu, na hasa sababu aliyoitoa mtoto kwa maneno yake, bila kuyanyoosha. Majibu ya darasa zima yakikusanywa, ijadiliwe kama makundi mawili yanatofautiana, na kama idadi inatosha kusema lolote.

Jaribio la pili ni la sufuria nne au tano zenye vifuniko, zikiwa safi na baridi. Mtoto wa miaka mitatu au minne awekewe vyote sakafuni vikiwa vimechanganywa. Mwanafunzi akae kando na karatasi yake, aandike saa ya kuanza, idadi ya makosa, mara ambazo mtoto alijisahihisha, na mara ngapi alirudia kazi nzima baada ya kuimaliza. Pia aweke alama pembeni kila mara ambapo yeye mwenyewe, au mtu mwingine wa nyumbani, alinyosha mkono au kufungua kinywa ili kusaidia. Alama hizo zihesabiwe mwisho, na ziandikwe katika ripoti pamoja na makosa ya mtoto.